Mtu wa Begani

Morotonga,
4 Agosti 2024

Mdogo wangu Wegesa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Sirari pamoja na wajukuu. Huku hatujambo. Mvua zilikatika mapema lakini mahindi tumevuna, ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na mwanangu Felix yuko Geita na kazi zake. Afya yangu ni nzuri kabisa. Sina hata kimoja kinachonisumbua.

Najua utacheka kwamba mpaka leo kuna mtu anaandika barua na kumkabidhi konda wa basi. Simu nimeipiga marufuku nyumbani kwangu. Ile rimoti ya ndege ndogo ya mbao aliyoniachia daktari wa misheni ni ya mwaka sabini na nane, na sitaki mawimbi ya simu yaingilie ya kwake ndege ikiwa hewani. Simu yangu nimeifukia kwenye gunia la ulezi. Elieth, mke wa Felix, ya kwake anaiwashia kwa jirani. Fundi simu mmoja pale Mugumu aliniambia mawimbi hayo hayaingiliani kabisa. Nikamuuliza yeye amerusha ndege ngapi, akarudi kwenye simu zake.

Sasa jambo lenyewe. Opondo ameniandikia. Ndiyo, Opondo huyo huyo wa hapo kwenu, aliyekuwa fundi redio pale misheni wakati mimi nikiwa seremala. Unakumbuka Jumapili baada ya ibada daktari alivyosimamisha nguzo tatu uwanjani, na zile ndege zake mbili ndogo za mbao zikazizunguka mara kumi, zikilia kama nyuki waliochokozwa. Alipoondoka nchini, Namba Saba aliniachia mimi na Namba Nne akampa Opondo. Hatujashindana tangu themanini na sita, siku aliponisingizia kwamba nguzo ya pili niliikatia kwa ndani badala ya kuizunguka.

Anasema sasa sote ni wazee, tumalize. Tukutane tarehe tisa Desemba, siku ya Uhuru, kwenye uwanja wa malisho upande wa bwawa la Manchira. Atakayeshindwa anatoa ndege yake, mshindi anaondoka na zote mbili. Nimekubali. Wegesa, ile Namba Saba nimeitengeneza upya mara kumi na mbili na bado inanitii. Ikienda kwa yule mtu, sijui asubuhi nitakuwa naamka kufanya nini.

Naomba unitafutie mafuta ya nyonyo ya kuchanganya na spiriti, na plagi mbili ndogo za injini, zile zisizo za pikipiki. Huko mpakani hakikosekani kitu.

Usishangae mwandiko. Meza imelegea mguu mmoja.

Kaka yako,
Mseti


Sirari,
19 Agosti 2024

Kaka Mseti,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mjukuu wangu mdogo ameota meno na anamng'ata kila anayembeba. Duka linakwenda. Wateja wa upande wa Kenya wamerudi baada ya barabara yao kutengenezwa, na ninauza sukari mpaka mikono inanata. Msalimie Elieth na watoto.

Mafuta ya nyonyo chupa mbili nimempa konda, na plagi mbili ziko ndani ya soksi. Usiniulize nimezipata wapi. Zimepatikana.

Kuhusu ule mguu wa meza, nina maswali. Barua yako ina mahali umeandika mstari wa pili juu ya mstari wa kwanza, na jina langu kwenye bahasha umeliandika upande wa gundi. Meza inaweza kuyumba, lakini haiwezi kugeuza bahasha. Halafu kwenye harusi ya binti wa Kezia mwezi wa tano ulisimama dakika nzima ukimwombea baraka bibi harusi, na yule alikuwa mpishi amebeba sinia la pilau. Watu walidhani ni utani wako. Mimi sikucheka. Kaka, macho yako yakoje? Nijibu kama nilivyouliza.

Na la pili, nani atakusimamia begani siku hiyo? Opondo anajifua vizuri sana. Kila jioni anaizungusha Namba Nne nyuma ya kanisa, na nguzo ya mbali anaizunguka kwa karibu mpaka bendera inapepea. Ndivyo ninavyosikia.

Mdogo wako,
Wegesa


Morotonga,
15 Septemba 2024

Mdogo wangu Wegesa,

Tumshukuru Mungu kwa meno ya mtoto. Ndama anaendelea vizuri, na viazi tumevipanda. Plagi zimefika na zimewaka mara ya kwanza. Umenifurahisha.

Umeuliza habari ya mtu wa begani. Hilo ni swali zuri kuliko yote katika barua yako, kwa hiyo nitalijibu hilo tu. Kama unavyojua, rubani wa ndege hizi haondoi jicho kwenye ndege yake. Nguzo ya mbali iko hatua mia mbili, na hapo pana mtu anayeinua bendera ndege ikipita. Sasa nyuma ya rubani lazima asimame mwenzake, mkono begani, anayeiangalia bendera na kusema "geuza". Akichelewa kufumba na kufumbua, ndege imekwenda zake.

Nimewajaribu watu wanne. Jirani yangu Mogesi ana moyo mzuri, lakini ndege ikiruka anaachama na kusahau kuwa ana mdomo wa kusemea. Mwinjilisti alisema "geuza" kila mara, pasipo kuangalia bendera. Wa tatu aliniminya bega mpaka nikashindwa kushika rimoti. Wa nne alikuwa mke wangu, akasema maisha yake yote ameniambia nigeuke na sijawahi kumsikia, haanzi leo.

Anayeweza ni mmoja, na ndiye asiyewezekana. Elieth ni mwalimu wa michezo shuleni, anachezesha netiboli wilaya nzima. Siku moja nikirusha ndege, yeye alikuwa anaanika mtama kule, nikamsikia anajisemea "sasa", na kila "sasa" yake ilikuwa pale pale ndege inapopaswa kugeuka. Lakini ni mke wa mwanangu. Unazijua heshima zetu. Mkwe hasimami karibu na baba mkwe, hamgusi, hamsemeshi wala hamtazami usoni, na mimi vilevile. Miaka kumi na moja yuko nyumbani kwangu, chakula anamkabidhi mke wangu, naye ananiletea mimi. Sasa aje aniwekee mkono begani mbele ya watu wa Manchira?

Nimepata njia lakini. Elieth atasimama nyuma kabisa na kumwambia Mogesi. Mogesi ataniambia mimi. Heshima imekaa, na ndege itageuka. Hakuna tatizo hapo.

Na Opondo je, anasimamiwa na nani? Nataka kumjua huyo mtu.

Kaka yako,
Mseti


Sirari,
22 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Nakuandikia haraka kabla basi halijaondoka. Usimpitishe Mogesi katikati. Nakusihi. Ile ndege inakwenda kasi kuliko pikipiki yoyote ya hapa mpakani, na Mogesi ninamfahamu, hawezi kukuambia nyumba inaungua kabla hajauliza habari za mifugo.

Swali la macho bado liko mezani, hata kama mguu mmoja umelegea.

Wegesa


Morotonga,
13 Oktoba 2024

Mdogo wangu Wegesa,

Natumaini mu wazima. Barua yako ya tarehe ishirini na mbili nimeipata jana. Konda alikuwa ameikalia kwenye kiti chake wiki tatu. Ingefika mapema ingefaa.

Tulifanya jaribio Jumamosi iliyopita. Namba Saba ilipanda vizuri, ikaelekea nguzo ya mbali. Bendera ikainuliwa. Elieth, kule nyuma, akasema kwa adabu zake zote, "Mogesi, mwambie mzee, kama hana neno, ageuze." Mogesi akavua kofia. Akanisogelea, akasema, "Mzee Mseti, mkweo anasema, kama huna neno, ugeuze." Nami nilikuwa sijui wanaongelea nguzo ipi, nikauliza, "Nguzo gani?" Mogesi akageuka nyuma: "Anauliza nguzo gani." Elieth akasema, "Mwambie sasa hakuna tena nguzo, kuna bwawa."

Tuliikuta Manchira. Wavuvi wanasema ilitua majini taratibu kabisa. Bawa la kulia limevunjika vipande viwili, na injini nimeikausha kwenye gunia la ulezi pamoja na simu. Nimekaa siku sita na gundi na mbao. Mke wangu hajanisemesha, ila kila akipita anasema "geuza" na kuendelea na shughuli zake.

Basi nikaenda kwa wazee wa ukoo. Nimewauliza wazi: Elieth akisimama hatua tano nyuma yangu na kupuliza filimbi, amenisemesha? Wamekaa juu ya neno hilo tangu asubuhi mpaka ng'ombe walipokwenda kunywa maji. Mmoja akauliza, na akipuliza kwa hasira? Wakarudi kukaa. Mwishowe wameamua kwamba filimbi si neno, ila asipulize kwa muda mrefu, maana ikirefuka inaanza kufanana na kugomba.

Tumejaribu mara tatu. Wegesa, inageuka kama enzi za daktari. Opondo ajiandae.

Hujaniambia nani anamsimamia.

Mseti


Sirari,
3 Novemba 2024

Kaka Mseti,

Shikamoo. Nimefurahi mbao zimeshikana. Hapa tumepata msiba wa jirani, tumekesha naye, tumerudi. Mtoto sasa ana meno manne.

Umenieleza habari za Manchira kurasa mbili. Umeandika kwamba Elieth aliiona bendera, Mogesi aliiona, wavuvi waliiona ndege ikishuka. Hujaandika hata mahali pamoja kwamba wewe uliona chochote. Uliuliza nguzo gani. Rubani gani huyo anayeuliza ndege yake ilipo?

Mimi nitakuwepo uwanjani tarehe tisa. Utaniona, kama utaniona.

Wegesa


Morotonga,
15 Desemba 2024

Mdogo wangu Wegesa,

Andika kwamba hatujambo, na andika kwamba bado nimenuna.

(Shangazi, shikamoo. Ni mimi Elieth ninayeandika. Baba yuko ndani, mimi niko nje chini ya dirisha, nimempa mgongo. Ananisemea kupitia nyavu. Amesema nisiongeze neno langu.)

Najua ulikuwepo, lakini ulikuwa upande wa adui, kwa hiyo hukuona vizuri. Nakueleza ilivyokuwa.

Tuliruka sawa. Mzunguko wa kwanza Elieth alipuliza, nikageuka, Namba Saba ikaongoza. Watu wakashangilia. Nani aliyewaleta skauti wa shule mahali pale? Walitoka kwenye gwaride la Uhuru, kila mmoja na filimbi yake shingoni, na walipoona ndege zinazunguka wakadhani filimbi ndiyo makofi ya mchezo huo. Mzunguko wa pili nilisikia filimbi arobaini. Nikageuza kwa ya kwanza niliyoisikia, nikapita ndani ya nguzo, mzunguko ukafutwa. Hapo Opondo akacheka. Na hapo, hatua hamsini kutoka kwangu, nikasikia sauti inasema, "Geuza, omera, geuza," kwa neno la Kijaluo la kumwita mtu ndugu. Ile sauti ninaifahamu tangu ikiwa inalilia uji. Dada yangu mwenyewe, mkono begani kwa Opondo.

Sikukuona, Wegesa. Nilikusikia tu. Ulikuwa umevaa nini sijui. Elieth ananiambia ulivaa kitenge cha njano na mimi sikuona njano yoyote uwanjani.

(Hapa ameinuka kwenda kunywa maji. Nimesubiri.)

Mzunguko wa tatu filimbi zilizidi. Nilikuwa nimesimama na rimoti mkononi, ndege imebaki mlio tu huko mbali, nikajua sasa ninaipoteza. Ndipo nikahisi mkono begani. Na sauti nyuma ya sikio langu ikasema, "Shikamoo baba, geuza."

(Shangazi, ningefanyaje? Miaka kumi na moja sijamsemesha baba mkwe. Ningeanzaje na "geuza" tu, kama namwamuru ng'ombe?)

Nami nikajibu, "Marahaba." Ningeacha? Mtu amekuamkia. Nikasema marahaba, hujambo, watoto hawajambo? Akasema, "Hatujambo baba, geuza." Kufikia hapo Namba Saba ilikuwa inaelekea Ringwani. Tuliirudisha, lakini Opondo alikuwa ametuacha mzunguko mzima.

Saba zilizobaki, uliza yeyote. Hakukuwa na salamu tena. "Geuza." "Geuza." "Bado, baba, bado, sasa." Sijawahi kurusha namna ile, hata nikiwa kijana. Tuliufukuza ule mzunguko mpaka tukabakiza nusu. Nusu, Wegesa. Nimeshindwa kwa marahaba.

Nikampa Opondo Namba Saba kwa mikono yangu, nikaondoka bila kukusalimia. Sasa asubuhi naamka, nakaa.

Uliniuliza mara tatu. Jicho la kushoto ni ukungu mtupu tangu mwaka jana. La kulia linafuata. Ndege naiona ikiwa karibu, ikifika mbali inabaki sauti. Sikusema kwa sababu rubani asiyeona ni mzee tu aliyeshika boksi. Nilitaka nimshinde kwanza, halafu nipofuke kwa amani.

(Amesema nifute hiyo sentensi ya mwisho. Sijaifuta. Elieth.)

Mseti


Sirari,
29 Desemba 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Krismasi ilipita salama. Barua yako nimeisoma nyuma ya mizigo ya sukari ili wateja wasinione nalia, halafu nikafika kwenye marahaba, nikacheka mpaka wakanikuta. Mwambie Elieth asante kwa kutofuta.

Nami niseme yangu. Nilisimama begani kwa Opondo kwa sababu miaka yote aliyesimama pale ni mkewe, marehemu Zilpa, na alipoanza kujifua peke yake nyuma ya kanisa, kila akifika nguzo ya mbali alikuwa anageuza shingo kumtafuta. Nilimwona wiki nzima. Siku ya saba nikaenda nikaweka mkono. Ningekuambia ungenuna miezi minne badala ya mmoja. Zile plagi na yale mafuta ni yeye alinikabidhi, alisema hawezi kujisifu kwamba amemshinda mtu ambaye injini yake haiwaki. Na kama bado una nafasi ya kununa, nuna na hili pia: ananiletea samaki, sato, kila Ijumaa, na sijamkataza.

Anasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema: "Omera, mimi sikumshinda Mseti. Nilishinda ukungu. Hiyo haihesabiki." Namba Saba ameitundika ukutani kwake na hairushi. Ataileta huko mwenyewe siku utakapoweza kusimama nguzo ya kwanza na kuisoma namba ya bawani ikiwa nguzo ya pili.

Hospitali wanatoa mtoto wa jicho asubuhi na jioni umerudi kitandani unakunywa uji. Nenda, kaka. Sikuombi kwa ajili ya ndege.

Wegesa


Morotonga,
16 Februari 2025

Mdogo wangu Wegesa,

Natumaini mu wazima, na sato pia mzima. Huku hatujambo. Ona mistari ya barua hii, kila mmoja umekaa mahali pake. Na meza nimeikagua vizuri. Miguu yote minne haina kasoro, na nimeiomba radhi.

Nimekwenda. Felix hakupata ruhusa kazini, mke wangu magoti yalikataa safari, kwa hiyo ilibidi anipeleke Elieth. Suala la kushikana mkono njiani tulilimaliza kwa fimbo. Yeye alishika mwisho mmoja, mimi mwingine, na tulitembea hivyo toka nyumbani mpaka stendi, na toka stendi mpaka wodini. Watu walitupisha wakidhani tumebeba kitu.

Jicho la kushoto walilifanya Jumatano. Alhamisi asubuhi nesi akaja kufungua bandeji. Akaniambia nifumbue polepole na nimwambie ninaona nini. Niliona dirisha. Niliona shuka, na lina doa. Halafu nikaona mtu amesimama mwisho wa kitanda na chupa ya uji, hajui kwamba tayari naona, anatabasamu na nesi.

Wegesa, siku ya harusi yake nilitazama viatu. Baada ya hapo miaka kumi na moja nimetazama pembeni, kama inavyotakiwa, na sikuwahi kuona vibaya kufanya hivyo. Sikujua mtu huyu anafananaje. Ana mwanya. Hapa mbele, katikati ya meno ya juu, ule ule wa mama yetu, kana kwamba waliazimana. Nilimtazama mpaka nesi akaniuliza kama kuna maumivu. Nikasema ndiyo, yapo kidogo.

Alipogundua ninamwangalia alishtuka, akavuta kanga akafunika mdomo. Nimemwambia asiufunike.

Kaka yako,
Mseti